Sifa za Fundi wa Katriji

Bomba la zamani lilikuwa jepesi la kusamehe. Ndani yake mlikuwa na mpira mdogo uliokandamizwa na skurubu juu ya tundu la maji, na ukilika, fundi wa mtaani alikata mwingine kwenye kandambili kuukuu, maisha yakaendelea. Mabomba ya bafuni ya siku hizi, yale ya mpini mmoja unaoinuliwa na kuzungushwa kuchanganya moto na baridi, hayana huruma hiyo. Mengi yao yanategemea katriji, na ndani ya katriji mna visahani viwili vya kauri vilivyosuguliwa vikawa bapa kiasi kwamba vikilaliana maji hayapenyi.

Wazo la mpini mmoja husimuliwa kuwa la Mmarekani Al Moen, aliyeunguzwa mikono na maji moto mwaka 1937 akiwa mwanafunzi, na bomba lake likaingia sokoni 1947. Mgao wa maji wa Dar es Salaam haukuwamo katika hesabu zake. Hapa maji yakikatika kisha yakarudi, hutangulia hewa inayokohoa bombani, halafu maji ya rangi ya chai yenye kutu na mchanga. Chembe ikinasa kati ya visahani, kila ukizungusha mpini inazidi kuvikwaruza. Ndipo tone linapoanza. Tone moja kwa sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Hata ukiyahesabu kuwa madogo, 20 kwa mililita, ni zaidi ya lita 4 zinazokwenda bure.

Fundi mvivu atakwambia ununue bomba jipya. Fundi ninayemsifu hapa hufunga koki iliyo chini ya sinki, akafungua bomba ili maji yaliyobaki yaishe nguvu, kisha akaziba tundu la sinki kwa kitambaa, maana kile kiskurubu kinachojificha nyuma ya alama nyekundu na buluu hupenda sana kutumbukia humo. Hulegeza nati, akachomoa katriji, na kwenda nayo yenyewe dukani Kariakoo. Ya milimita 35 na ya 40 zinafanana machoni, na muuzaji yupo tayari kuapa kwamba ni kitu kimoja.

Ufundi wenyewe, kwa maoni yangu, uko kabla ya katriji mpya kuingia. Fundi hufuta kikalio cha katriji, akaondoa chokaa iliyoganda kwa siki kidogo, akapapasa kwa kidole kutafuta chembe ambazo macho hayazioni. Kisha hufunika mdomo wa bomba lililo wazi kwa kitambaa, akafungulia koki kidogo, maji yakatema uchafu uliobaki. Wengi huruka hatua hii. Bomba linaanza kuvuja upya mapema, na lawama anabebeshwa Mchina aliyetengeneza katriji.

Baadaye vijino vya chini vya katriji huingia kwenye matundu yake, na nati inakazwa huku mpini ukijaribiwa. Ikilegea, maji yatapita chini ya katriji. Ikibana mno, mpini utakuwa mgumu. Kipimo kiko kiganjani mwa fundi.

Kazi nzima huenda isifike saa moja, na ndiyo maana wenye nyumba hulalamikia bei. Ukimpata fundi anayefungulia maji kidogo kabla ya kuchomeka katriji mpya, hifadhi namba yake, na akitaja bei ya juu kuliko mwenzake, mlipe.