Mtoto, Mwari na Mke katika Maneno ya Sheria ya Ndoa

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yastahili sifa moja kubwa: ilizikusanya ndoa za mila, za dini na za kiserikali chini ya sheria moja. Lakini vifungu vyake viwili vimeleta ubishi mrefu. Kifungu cha 13 chaweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa wa kiume, na wa kuolewa kuwa 15 kwa wa kike. Kifungu cha 17 chasema kuwa wa kike asiyetimiza miaka 18 hana budi kupata ridhaa ya baba. Baba akiwa amekufa, ya mama. Na wote wawili wakiwa hawako, ya mlezi.

Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu hivyo vyapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa ya Serikali. Hata hivyo, hadi mwaka 2023 marekebisho yalikuwa hayajapitishwa. Wanasheria wamekwisha kusema yao. Lililobaki, nalo ni letu sisi wa lugha, ni kuyapima maneno. Maana tangu mwaka 2021 Kiswahili kimetangazwa kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na kila kifungu kitahitaji mfasiri.

La kwanza ni umri wenyewe. Kifungu cha 13 kilipoandikwa kwa Kiingereza hakikutaja umri tu, bali umri unaoonekana kwa macho. Hapo sheria yakutana na desturi ya zamani ya lugha yetu. Twasema kigori, twasema amevunja ungo, twasema mwari. Maneno haya hayahesabu miaka, hutazama mwili. Ni maneno mazuri mahali pake, lakini hakimu anayeupima umri kwa macho hatofautiani sana na jirani anayemtazama binti akipita na ndoo kichwani, akasema kuwa amekwisha kukua.

La pili ni hatari iliyo katika tafsiri. Kiingereza cha kifungu hicho chataja jinsi tu, wala hakisemi kama aliye wa jinsi hiyo ni mkubwa au mdogo. Mfasiri mwenye haraka ataandika "mwanamke". Lakini kwetu mwanamke ni mtu mzima. Kwa neno hilo moja mtoto wa miaka 15 amekwisha kukuzwa kabla hajaozwa, na msomaji haoni tena kosa la kumshtua. Akiandika "mtoto wa kike", kosa lajitokeza lenyewe. Kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwita mtoto kila mtu aliye chini ya miaka 18, bila kubagua jinsi.

La tatu ni kitenzi. Mume huoa, mke huolewa, na mzazi huoza. Kifungu cha 16 chataka ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaofunga ndoa, lakini cha 17 chaleta ridhaa ya mwingine. Aozwaye hutendwa mara mbili: na mwoaji, na mwozaji.

Yupo atakayesema kuwa sarufi haina hatia, na kwamba wake wengi wameolewa kwa furaha na heshima. Ni kweli, wala hatutaki neno "kuolewa" lifutwe katika mazungumzo ya watu. Pia ni kweli kwamba lugha hii hii, ambayo ngeli yake ya watu haibagui wa kiume na wa kike, imetupa neno "mtoto" lisilo na jinsia. Ubaguzi huo haukuzaliwa na sarufi. Uliandikwa na watunga sheria, na mfasiri aweza kuuficha au kuudhihirisha.

Basi twapendekeza kwamba katika vifungu vya umri na ridhaa mfasiri atumie "mtu" na "kufunga ndoa"; kwamba aliye chini ya miaka 18 aitwe mtoto popote atajwapo; na kwamba neno "mwanamke" awekewe aliyetimiza miaka hiyo. Tafsiri haiwezi kuibadili sheria, kazi hiyo ni ya Bunge. Lakini Bunge lapaswa kuisoma sheria hiyo kwa maneno yanayomwita mtoto kwa jina lake.