Weupe wa Imaum

Sebuleni kwa jirani yangu hapa Marangu, juu ya kabati la vyombo, kuna picha ya duara yenye vichwa vitatu vya farasi weupe. Aliinunua Soko la Memorial, Moshi, kwenye mafungu ya mitumba, na anakiri kwamba alichokitaka ni fremu. Kila mgeni huhesabu farasi watatu. Kumbe farasi ni mmoja, na alitoka kwa mtu tunayemjua.

Picha hiyo ni nakala ya kazi ya Mwingereza John Frederick Herring ya mwaka 1848, inayoonyesha farasi wa gari la vita la Farao. Aliyechorwa ni Imaum, farasi wa Kiarabu, mmoja wa wale aliopelekewa Malkia Victoria kuwa zawadi na Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Unguja. Waingereza walimwita Sayyid "Imamu wa Muscat", na farasi akarithi cheo hicho. Malkia alimpa mtumishi wa mazizi yake, farasi akapigwa mnada London, na Herring akamnunua. Akamweka mara tatu katika duara moja, kila kichwa na mkao wake. Kisha mchoro ukachongwa kwenye bamba, ukachapwa, ukaenea.

Swali langu ni la kiufundi: mchapaji ana wino mweusi tu. Weupe wa Imaum ameutoa wapi?

Tuanze na waliotangulia, wachongaji wa karne ya 18 waliochapa picha za farasi mashuhuri wa mbio kama Flying Childers na Eclipse. Walitumia bamba la shaba nyekundu na kalamu ya chuma yenye ncha kali, iliyosukumwa kwa kiganja. Bamba lilikaa juu ya mto wa ngozi, na kwenye kona mchongaji aligeuza bamba badala ya kupinda mkono. Ndiyo maana mistari ya shingo ya farasi inazunguka laini, kama imefuata msuli wenyewe.

Bamba likishachongwa lilipakwa wino, likafutwa juu mpaka likang'aa, wino ukabaki ndani ya mifereji peke yake. Karatasi iliyoloweshwa ikalazwa juu, vyote vikapitishwa kati ya magogo mawili ya mtambo. Karatasi iliingia mferejini na kutoka na wino wake. Mfereji mpana ulitoa mstari mzito, mwembamba ulitoa unywele. Palipoachwa bila kuguswa palitoka karatasi tupu.

Kwa njia hiyo, farasi mweupe hachorwi. Kinachochorwa ni kivuli chini ya taya, tundu la pua, mikunjo ya shingo, na giza la nyuma lililojazwa mistari inayokatana. Kadiri mstari unavyokaribia mwanga ndivyo unavyokonda, unakuwa vitone, kisha unakoma. Jicho la mtazamaji ndilo linalomalizia kazi. Kosa la mstari mmoja wa ziada katikati ya shavu linamgeuza farasi mweupe kuwa wa kijivu, na kuufuta mfereji kwenye shaba ni kazi ya kusugua na kugonga bamba kwa nyuma.

Kulikuwa na mtego mwingine. Chapa hutoka kinyume cha bamba, kama uso kwenye kioo. Eclipse, aliyeshinda mbio zote 18 alizokimbia mwaka 1769 na 1770, alikuwa na soksi nyeupe kwenye mguu mmoja wa nyuma. Mchongaji aliyesahau kugeuza mchoro aliihamishia mguu wa pili. Na picha hizi zilikuwa hati: chini yake ziliandikwa nasaba, mwenye farasi na ushindi. Farasi alisimamishwa ubavu ili mfugaji asome bega, mgongo na goti.

Sasa tuugeukie mlima wetu, Kilimanjaro, maana nao una weupe wake. Mwaka huohuo wa 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe wa kilele chake, Kibo, na baadhi ya wataalamu wa Ulaya wakamkatalia kwamba ni theluji. Kufikia miaka ya 1880, vitabu vya wasafiri kama cha Joseph Thomson cha 1885 vilipambwa kwa michoro ya kuchongwa kwenye mti mgumu. Hapo kanuni inapinduka. Kwenye mti, wino hukaa juu ya kilichobaki, na kilichochimbwa hutoka cheupe. Mchongaji wa shaba aliuacha weupe. Wa mti aliuchimba. Theluji ya mlima katika michoro ya namna hiyo ilitoka kama vumbi la mbao mezani.

Nilichukua kioo cha kukuzia nikaikagua picha ya jirani. Mistari ipo, ila kila mstari umeundwa na vitone vidogo vya kiwandani: ni picha iliyopigwa kutoka kwenye chapa. Chapa halisi ya bamba ina alama ya kingo zilizobonyea kwenye karatasi, na wino wake unahisika ukipitisha kidole. Jirani alipitisha kidole, akakuta laini tupu. Hakusikitika. Aliuliza tu, kati ya wale watatu, yupi ndiye Imaum.