Jarida la Lancet na Wenye Mali Wake

Katika madarasa yetu ya siasa kumezuka mtindo wa kuyagawa maandishi ya Uingereza katika mafungu mawili. Kuna magazeti ya kila siku, ambayo kila mwanafunzi yuko tayari kuyaita ya kibepari, na kuna majarida ya tiba, ambayo huaminiwa kana kwamba yanaandikwa na watu wasio na tabaka. Mgawanyo huo ni kosa, na historia ya jarida la Lancet yatosha kuuonyesha.

Lancet lilianzishwa London mwaka 1823 na daktari Thomas Wakley. Siku zile vyeo vya upasuaji katika hospitali kubwa za jiji vilirithishwana kati ya jamaa na marafiki, na mihadhara yao ilikuwa bidhaa: asiye na ada hasikii. Wakley akaichapa. Mwaka 1828 jarida likaeleza jinsi Bransby Cooper, mtoto wa kaka yake mpasuaji mashuhuri Astley Cooper, alivyomtoa mgonjwa jiwe la kibofu katika hospitali ya Guy's. Kazi ya dakika chache ilichukua karibu saa nzima, na mgonjwa akafa. Cooper alishtaki akidai paundi 2,000. Mahakama ikampa 100. Wakley huyo huyo, akiwa mbunge tangu 1835, alipigana na kodi ya stempu, ile iliyolifanya gazeti liwe ghali mno kwa mfanyakazi. Kodi hiyo ilishushwa kutoka peni 4 hadi peni 1 mwaka 1836, ikafutwa mwaka 1855.

Lakini kazi tunayoithamini zaidi ni ile ya miaka ya 1851 hadi 1854. Daktari Arthur Hill Hassall alipima kwa darubini vyakula vilivyonunuliwa madukani London: mkate wenye shabu, maziwa yenye maji, pilipili yenye madini ya risasi. Jarida likachapa majina ya wauzaji na mitaa yao! Waliokula mkate ule walikuwa wafanyakazi, maana tajiri ana mpishi wake.

Hata hivyo tuseme ukweli. Lancet lilimtaja mwenye duka, halikuutaja mfumo uliomfanya kila mwenye duka ashindane na jirani yake kwa kuiba. Ndiyo maana sheria iliyozaliwa mwaka 1860 iliziruhusu tu halmashauri kuajiri wapimaji, haikuzilazimisha. Mageuzi ya namna hiyo bepari huyameza bila kukohoa.

Sasa tuwageukie wenye mali. Mwaka 1991 jarida lilinunuliwa na kampuni ya Elsevier, iliyoungana baadaye na Reed. Kampuni hiyo ilikuwa ikiandaa maonyesho ya biashara ya silaha. Fedha za jarida la kuponya na fedha za soko la kuua ziliingia mfuko mmoja. Mwaka 2005 wahariri waliandika dhidi ya mwajiri wao katika kurasa zake mwenyewe, na madaktari wasomaji wakawaunga mkono. Huo ni ujasiri, na makada wanaopenda kudharau kila kitokacho Uingereza wasiupuuze. Mwaka 2007 kampuni ilitangaza kwamba itaacha biashara ya maonyesho hayo. Jarida lenyewe halikuachiliwa: limebaki mali ya kampuni ile ile, ambayo tangu 2015 inaitwa RELX.