Greg Maddux na Ufundi wa Kurusha

Katika besiboli, mrushaji husimama futi 60 na inchi 6 kutoka kwenye kibao cha mpigaji, na kibao chenyewe kina upana wa inchi 17. Mpira wa maili 90 kwa saa hufika hapo katika muda usiotimia nusu sekunde. Mpigaji ameshaamua kabla: apige au auache. Sisi tulioupenda mchezo huu tangu utotoni tumeshuhudia warushaji wengi wenye nguvu za kutisha. Lakini ukiniuliza nani fundi, nitakutajia Greg Maddux kabla hujamaliza swali.

Nguvu hizo hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni kuelewa kwamba jicho la mpigaji haliwezi kupima sawasawa kasi ya mpira unaomjia moja kwa moja. Kwa hiyo kila mpira wake ulitoka kwa mwendo uleule wa mkono, mabega yaleyale, uso uleule usioeleza kitu. Mmoja ukafika upesi, wa pili ukachelewa kidogo, na gongo likapita hewani mpira ungali njiani.

Niupendao kuliko yote ni ule aliowarushia wapigaji wa mkono wa kushoto. Ulianza kama unaowalenga kiunoni. Mpigaji anajikunja, anavuta tumbo ndani kuuepuka. Mara mpira unageuza njia, unapita juu ya ukingo wa kibao, na mwamuzi anatangaza straiki. Gongo bado liko begani. Nimeurudia kuutazama kwenye rekodi mara nyingi, na kila mara nami nakaribia kujikunja pale nilipoketi.

Mwaka 1997 alirusha kwa zaidi ya awamu 232, na katika msimu huo wote ni wapigaji 20 tu waliotembea bure hadi kituo cha kwanza. Tena 6 kati yao aliwaruhusu kwa makusudi, si kwa kukosa shabaha. Julai ya mwaka huo alimaliza mchezo mzima dhidi ya Chicago Cubs kwa mipira isiyofika 80. Na akisharusha, kazi haikuisha: alishinda tuzo ya Glavu ya Dhahabu mara 18, kwa kuudaka na kuukimbilia mpira uliorudi kwake.

Fedha nazo zina sehemu yao. Mwishoni mwa 1992, akiwa amemaliza mkataba na Cubs, klabu ya Yankees ilimwahidi dola milioni 34, naye akaenda Atlanta Braves kwa milioni 28. Aliweza kuchagua kwa sababu wengine waliumia kabla yake. Zamani klabu ilimshikilia mchezaji hadi itakapomchoka yenyewe. Mchezaji Curt Flood alikataa kuhamishiwa Philadelphia mwaka 1969, akaenda mahakamani, na mwaka 1972 akashindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Pingu hizo zilikatwa na msuluhishi Peter Seitz mwezi Desemba 1975, wakati Flood ameshaacha kucheza. Kila mchezaji anayetia saini mkataba mnono ana deni kwake.

Hata hivyo uhuru huo huja baada ya misimu 6 katika ligi kuu, na hapo ndipo panaponiuma. Kijana hutakiwa arushe kwa nguvu zake zote katika miaka ambayo mshahara wake ni mdogo kuliko kazi yake. Kiwiko kikikatika kano, anapasuliwa, anakaa nje mwaka au zaidi, na huenda akaufikia uhuru mkono umeshachoka. Desemba 2024 ligi yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba kufukuzia kasi kunachangia majeraha hayo. Soko linanunua kasi kwa sababu kasi hupimwa kwa mashine siku ileile. Shabaha huhitaji miaka kujengeka, na klabu nyingi hazina subira ya kuingojea.

Kama una mtoto anayejifunza kurusha, mtafutie rekodi ya mchezo wa kwanza wa fainali za 1995. Wapinzani wake, Cleveland, walikuwa wapigaji hatari kuliko timu zote mwaka huo, na Maddux aliwaruhusu mapigo 2 tu katika awamu 9. Mwambie asihangaike na namba za kasi. Aitazame glavu ya mdakaji, ahesabu ni mara ngapi ililazimika kusogea.