Prado ao Pajero: tulianza na swali la pili



Tangu Papa apokee dekonti yake ya mwisho, kwetu nyumbani hakuna habari ingine: ni mutuka tu. Papa alifanya kazi miaka 31 mu garaji ya kampuni ya mugodi, na ile feza haitaingia mara ya pili. Anataka mutuka moja ya kazi mbili. Kazi ya kwanza: kupeleka jamaa yote Kolwezi kumuona Nkambo, maana yake karibu kilometa 300 toka Lubumbashi, kupitia Likasi. Kazi ya pili: kuvuta remoriki ya mahindi toka shamba yetu ya upande wa Kambove mpaka mjini.

Kisha kuzunguka sana, mbili zilibaki: Toyota Land Cruiser Prado ya 2008, ile namna ya 120, na Mitsubishi Pajero ya 2010. Ukiziangalia mbio mbio ni sawa mapacha. Zote mbili za mazutu, bwati otomatiki ya vitesi 5, viti 7, ndoano ya kuvutia nyuma, volani kuume sawa vile mituka mingi ya kwetu. Tofauti ya kwanza ni bei: Prado inapita Pajero kwa dola 4.000, hata kama njo yenye kuzeeka zaidi.

Yaya anataka Prado. Mimi nilikuwa upande wa Pajero. Dada yetu mudogo, mwenye anangojea kuandikishwa chuo kikuu, hasemi kitu. Lakini sisi wote tunajua kama ile 4.000 njo minervali yake.

Yaya akaniambia: "Weye njo ulisoma. Andika sababu zako, Papa ataamua." Nikaandika kurasa ine. Nawaletea hapa yale niliyoandika, na pia kosa kubwa iliyokuwa ndani, kwa sababu naona wengi wetu tunaifanya.

Nilianza na motere. Prado hii iko na motere ya litre 3,0 yenye nguvu ya kuzungusha ya Nm 410. Pajero ya kuanzia 2009 iko na motere ya litre 3,2 yenye Nm 441. Ku mlima, na muzigo nyuma, ile Nm njo inafanya kazi, haiko vitesi ya mwisho yenye watu wanapenda kuonyesha ku kadrani. Pajero inashinda, lakini kidogo. Tangi: litre 87 kwa Prado, 88 kwa Pajero. Hapo hakuna mushindi.

Kisha mifupa. Prado imejengwa juu ya shasi ya ngazi: vyuma viwili virefu chini, bodi imefungwa juu yake na boloni. Pajero, tangu 1999, shasi yake imeunganishwa ndani ya bodi yenyewe. Nyuma, Prado iko na ekseli moja nzima toka gurudumu mpaka gurudumu. Pajero, kila gurudumu inapanda na kushuka peke yake. Matokeo yake? Ku lami yenye mashimo, mwenye kuketi nyuma ya Pajero anatikisika kidogo. Ku njia ya shamba, ile ekseli ya Prado ni kitu rahisi, na fundi wa kila pembe anaijua. Ngazi ya Prado ikipasuka, musuduaji anaweza kuifikia. Bodi ya Pajero ikipinda, kazi inakuwa ya garaji ya kweli.

Namna ya kuvuta kwa magurudumu ine nayo haifanane. Prado inavuta kwa ine saa yote, na iko na kifungo cha kufunga diferensiale ya katikati ukikwama. Pajero inakupa ruhusa ya kuchagua: mbili ku barabara kavu, ine kama mvua inanyesha, na unaweza kubadilisha huku unatembea. Zote mbili ziko na vitesi fupi ya kutoka mu matope.

Viti vya nyuma kabisa ni vya watoto, haidhuru muuzaji anasema nini. Lakini angalia namna vinakunjwa. Mu Prado ya 120 vinapanda na kuninginia pembeni, vinakula nafasi ya mizigo. Mu Pajero vinaingia mu sakafu, kunabaki mahali pa kulala sawa sawa. Mama aliangalia hii tu, akasema: "Hapa bidoni zangu zinaingia." Ile nayo ni kritike, tena ya mutu mwenye anajua anabeba nini.

Kisha nikafika ku sehemu yenye nilikuwa naona ni ushindi wangu: uzito wa kuvuta. Mu vitabu vya Australia, inchi yenye watu wake wanavuta remoriki sana, Prado ya 120 inaruhusiwa kilo 2.500, Pajero kilo 3.000. Remoriki yetu tupu ni kilo 500 hivi. Tukiweka gunia 30 za kilo 50, ni 1.500. Jumla 2.000. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Zote mbili zinaweza, Pajero inaweza zaidi, na ni bei chini. Mambo imeisha."

Hata Yaya alikosa jibu. Akabakia na moja tu: "Batu ba mu kartiye batasema nini? Prado ni Prado." Tusimucheke. Ile maneno iko na hesabu ndani. Kwetu Prado inauzika upesi, mapyesi yake unapata mpaka mu vijiji vya barabarani, na polisi ya njiani hata inakuangalia tofauti. Pajero iliachwa kutengenezwa mu 2021. Mwenye kuinunua leo ajue kama kila mwaka mapyesi yatakuwa ya kutafuta zaidi. Mimi nilikuwa nimeweka jina ya Dakar pale: Mitsubishi ilishinda yale mashindano mara 12, ya mwisho 2007. Papa akanikata: "Ile ya Dakar na ile ya muuzaji zinafanana jina tu."

Kisha akasoma kurasa zote ine, polepole, na kidole. Akanivulia miwani.

"Mutoto, juu ya mituka umeandika kurasa ine. Juu ya remoriki umeandika mistari ngapi?"

Nikasema: mbili.

"Ile remoriki iko na freni?"

Bandugu, nilibakia kinywa wazi. Remoriki yetu haina freni. Mengi mwenye tunayaona mu njia hayana. Nikarudi kusoma vile vitabu, na pale pale, mustari wa chini wenye nilikuwa nimeruka: kilo 2.500 na kilo 3.000 ni za remoriki yenye freni yake. Remoriki isiyo na freni, ruhusa ni kilo 750. Kwa Prado ni 750, kwa Pajero ni 750. Ule ubishi wetu wa miezi miwili wa 2.500 na 3.000 ulikuwa ubishi wa watu wenye hawana hata 751.

Papa akaeleza sawa vile alikuwa anaeleza vijana wa garaji. Motere inakusaidia kupanda. Kushuka, ni freni. Kilo 2.000 zenye hazina freni, ukifunga mbele ya kamyo yenye imesimama gafula, hazisimame na weye. Zinakusukuma. Kama njia imepinda kidogo, zinasukuma nyuma ya mutuka kando, na mutuka inakunjwa sawa kisu. Na ile njia ya Likasi na Kolwezi munaijua: makamyo ya migodi mbele, makamyo ya migodi nyuma.

Kulikuwa tena kosa ya pili, yenye hata haikuwa mu vitabu vya wauzaji. Remoriki haivutwe tu, inabebwa pia. Karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake inapashwa kulala ku ndoano, kama sivyo inayumba. Kwa kilo 2.000, ni kilo 200 juu ya mugongo wa mutuka. Na hata ile 3.000 ya Pajero iko na kamba: ukipita kilo 2.500, ndoano yake hairuhusiwe tena kubeba zaidi ya kilo 180. Ile namba kubwa inapungua peke yake ukiisoma mpaka mwisho.

Sasa tuhesabu jamaa. Sisi saba, tuseme kilo 60 kila mutu kwa sababu kuko mutoto wa Yaya: kilo 420. Weka 200 za ndoano: 620. Hii mituka yote mbili, ukitoa uzito wake tupu, inabakia na nafasi ya karibu kilo 600 ao 700 kufuatana na namna. Bado hatujaweka mufuko moja, bado hatujaweka bidoni za Mama, bado kuku wa Nkambo wa kurudia. Maana yake: hakuna kati ya hizi mbili yenye inaweza kupeleka watu saba NA remoriki yenye kujaa. Mutangazo unakuonyesha viti 7, kisha unakuonyesha kilo 3.000. Zote mbili ni kweli. Lakini haikuambie kama ni kweli siku moja.

Tulizijaribu. Wauzaji wote wawili walikubali, Papa akalipa mazutu, tukakodi remoriki yenye freni. Siku ya Prado, vijana wa kupakiza walitupa gunia ku mulango wa nyuma wa remoriki, tukatoka vile. Kufika kilometa 70 kwa saa, mukia ukaanza kucheza, kushoto, kuume. Yaya alikuwa ku volani. Papa akamuambia aachilie mazutu, asifunge freni kwa nguvu, ashike volani sawa. Ikatulia. Tukasimama, tukasogeza gunia sita mbele ya magurudumu. Tukarudi njiani: kimya kabisa. Prado haikuwa na kosa. Pajero nayo ingecheza vile vile. Kosa ilikuwa ya mikono yetu.

Siku ya Pajero nilijifunza ingine. Volani iko kuume, na sisi tunatembea kuume. Shofere anaketi upande wa mutaro. Ukiwa nyuma ya kamyo, hauone mwenye anakuja mpaka utoe pua yote inje. Bila remoriki, unaingia na kutoka mbio. Na remoriki, ule urefu wote unapashwa kupita nao. Papa alitoa sheria: na remoriki, hatupite kamyo, ila pale mwenye kuketi kushoto ni mutu mukubwa mwenye anaona na anasema "bado" bila kuogopa kuonekana mwoga. Ile sheria haina bei, tena ni sawa mu mituka yote mbili.

Basi, kritike yangu ya mwisho ni hii. Kama unaishi Moba ao Kabalo, kama njia yako ni udongo na fundi wako ni yule wa chini ya muembe, lipa bei ya Prado na usisikitike. Utakuwa unanunua mapyesi yenye kupatikana na shasi yenye kutengenezeka. Kama safari yako ni Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na garaji iko karibu, Pajero inatosha: inavuta vizuri zaidi kidogo, inaketisha vizuri, na inakuachia feza mukononi. Lakini mupeleke kwa mekanisiye mbele ya kulipa, asikilize cheni ya motere asubui ikiwa baridi, na kwa zote mbili aangalie sindano za mazutu, maana hizi motere za kisasa hazisamehe mazutu chafu ya bidoni. Na usinunue Pajero ukifikiri utaiuza bei muzuri kesho. Inunue kwa kuitumia.

Lakini mbele ya hii yote, pima remoriki. Mimi nilikuwa na diploma, kalkileta na intaneti, na nilinganisha vitu viwili vyenye karibu vinafanana, kwa sababu kulinganisha kunafurahisha. Kile chenye kingetuua hakikuwa mu tabo yangu. Yule mwenye aliuliza ni muzee mwenye hana hata D6.

Papa aliamua siku ya yenga, kisha misa. Pajero. Katika zile 4.000, sehemu moja itafunga freni ku remoriki yetu, zile zenye zinajifunga peke yake wakati remoriki inasukuma ndoano, hazina umeme wala mambo mingi. Sehemu ingine pine mupya ine za mutuka. Yenye inabakia, Papa aliweka mu ambalopi na kumupa Mama achunge, na akaandika juu yake jina ya dada yetu.

Yaya hakufurahi. Alisema tu: "Na gunia 30?"

Papa akahesabu na vidole. Gunia 22, remoriki inakuwa kilo 1.600, ndoano 160, watu watano ndani, wawili watapanda bisi.

"Gunia nane zitarudiliwa," akasema. "Mahindi haiogope kungoja."