Kubana Picha Bila Kuumiza Sura

Katika makabati mengi ya sebuleni, kuanzia Mombasa hadi Mbeya, pana kasha la plastiki lenye picha ya maharusi juu yake. Ndani mna DVD. Deki iliyokuwa ikiicheza ilishakufa, kompyuta mpya hazina tena mahali pa kuingizia diski, na watoto waliozaliwa katika ndoa hiyo wanatazama kila kitu kwenye simu. Siku moja mama mwenye nyumba anaifuta vumbi, anaipeleka kwa fundi, anasema: "Niwekee kwenye flashi."

Kazi yenyewe huonekana ndogo. Vibandani huchukua dakika chache: diski inaingia, kitufe kinabonyezwa, faili linatoka. Kisha mama anafika nyumbani, anachomeka flashi kwenye televisheni pana, na kumkuta marehemu bibi yake amegeuka vigae. Uso umekatikakatika miraba, mkono unaopunga umeota meno kama ya kitana, na shela ya uzi mwembamba imekuwa ukungu mweupe. Faili ni dogo, hilo halina ubishi. Kilichotupwa ndicho alichokuwa akikitaka.

Fundi anayestahili sifa ni yule anayejua cha kutupa.

Hujua kwanza kwamba DVD nayo ni picha iliyokwisha kubanwa. Mfumo wa PAL, ambao Afrika Mashariki imeutumia kwa miaka mingi, hubeba picha yenye nukta 720 kwa upana na 576 kwenda juu, na kila sekunde hupita picha 25. Zingeachwa bila kubanwa, hata baada ya kupunguza taarifa za rangi kama ilivyo kawaida ya video, saa moja ingekula takriban gigabaiti 56. Diski ya tabaka moja ina gigabaiti 4.7, na sherehe nzima imo humo, kuanzia kupambwa kwa bibi harusi hadi kukata keki. Mbano wa MPEG-2 ndio uliowezesha hilo. Basi anayebana DVD ni kama mpishi anayekamua nazi iliyokwisha kutoa tui la kwanza. La pili bado lipo, lakini linataka mkono wenye subira, na akikamua kwa pupa atapata maji.

Hesabu iliyo chini ya mbano huo ina historia inayostahili kusimuliwa. Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore, India, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, Marekani, alipoomba fedha mwaka 1972 ili alichunguze wazo lake. Akanyimwa, wazo lilionekana jepesi mno. Hakuliacha. Januari 1974, yeye na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao wakachapisha makala fupi, na leo ni vigumu kupata simu isiyoitumia hesabu hiyo. Huikata picha vipande vidogo, ambavyo kwenye DVD ni miraba ya nukta 8 kwa 8, kisha hukieleza kila kipande kama mchanganyiko wa mawimbi. Mapana hubeba mwanga na kivuli, membamba hubeba nyuzi, nywele na kingo. Jicho la binadamu halihesabu kila wimbi jembamba, kwa hiyo hapo ndipo pa kupunguzia. Ukipunguza kupita kiasi, mipaka ya miraba hujitokeza, na bibi anakuwa vigae.

Kitana ni balaa jingine, na kwa video za harusi pengine ndilo kubwa zaidi. Kamera nyingi za miaka ile hazikuchukua picha nzima kwa mara moja. Zilichukua mistari ya namba witiri, kisha mistari ya namba shufwa, nusu picha 50 kila sekunde, kila nusu ikiwa na mistari 288. Televisheni za kichogo zilizichora kwa mtindo huohuo, nusu baada ya nusu, na mwendo ukawa laini ajabu. Kioo cha leo huonyesha picha nzima. Nusu mbili zikibandikwa pamoja bila utaratibu, na mchezaji akiwa amesogea kati ya nusu moja na nyingine, ukingo wa mwili wake huota meno.

Fundi mwenye haraka huyaacha meno yalivyo, au hutupa nusu moja na kupoteza nusu ya mistari. Aliye makini hutumia kichujio, kwa mfano yadif cha Michael Niedermayer, ambacho hulinganisha nusu za kabla na za baada ili kukisia mistari inayokosekana. Hufanya hivyo kabla ya kubana, kwa sababu meno yakishabanwa pamoja na picha huwa magumu kuyang'oa, tena hula nafasi bure. Kisha anaamua: atoe picha nzima 25 kwa sekunde, au 50? Hotuba ya mjomba inatoshwa na 25. Chakacha haitoshwi. Kiuno kinachozunguka kikipunguziwa nusu ya nyakati zake huanza kurukaruka, na ladha ya ngoma inapotea ingawa sauti ipo. Ngoma ihifadhiwe kwa 50, hata faili likinenepa.

Umbo nalo lisisahaulike. Nukta za DVD si za mraba: picha ya 720 kwa 576 hutanuliwa wakati wa kuonyeshwa, ama kwa uwiano wa 4 kwa 3 au wa 16 kwa 9. Programu isiposoma alama ya uwiano huo, waalikwa wote hukonda. Dawa yake ni dakika moja tu: tafuta mahali penye sahani au saa ya ukutani, uone kama bado ni duara.

Zamani, enzi za DivX na Xvid, wengi walipima kazi kwa ukubwa wa faili. Filamu ililazimishwa kuingia kwenye CD ya megabaiti 700, iwe ina mapigano mwanzo hadi mwisho au watu wawili wamekaa barazani. Kiwango cha H.264 kilipoidhinishwa mwaka 2003, na programu huria ya x264 kukomaa baada yake, mafundi walipata njia ya busara zaidi: kupanga ubora, kisha kuuacha ukubwa ujiamulie. Kipimo chake huanzia 0 hadi 51, na namba ndogo ndiyo bora. Watunzaji wa HandBrake, programu ya bure iliyoanzishwa na Eric Petit mwaka huohuo wa 2003, hupendekeza kati ya 18 na 22 kwa video za ukubwa wa DVD. Ukipanda hatua 6, faili hupungua kwa karibu nusu. Ukiipa kompyuta muda zaidi, nayo hutafuta kwa makini zaidi yanayojirudia: ukuta uleule nyuma ya meza kuu, pazia lilelile, ili biti ziende kwenye uso unaocheka.

Vishawishi ni vingi. Video iliyopigwa usiku chini ya taa hafifu hujaa chenga, na kichujio cha kuziondoa kiko karibu. Kikitumiwa kidogo husaidia. Kikitiwa mkono mzito, nyuso hulainika kama za sanamu za madukani na tarizi ya kanzu hufutika. Afadhali chenga kidogo. Kuna pia wateja wanaoomba faili la "HD" kutoka kwenye DVD, na wapo wanaowauzia. Kuitanua mistari 576 hadi 1080 hakurudishi uzi hata mmoja wa shela. Televisheni ya nyumbani itatanua yenyewe.

Viwango vipya kama H.265 na AV1 hubana zaidi, na kwa hifadhi ya muda mrefu vina nafasi yake. Lakini televisheni ya shangazi kijijini huenda isivifungue, na fundi anayewajua watu wake humpa H.264.

Inafaa kukumbuka yaliyotokea Kampala. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa mtaa wa Wakaliga alikamilisha Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano iliyokuja kumpa jina duniani. Kompyuta zilikuwa na nafasi finyu, akafuta faili za awali ili kupisha kazi iliyofuata. Ulimwengu ulipoitafuta filamu hiyo, haikubaki asili ya kurudia. Ilibaki nakala yenye ubora wa chini. DVD za harusi nyingi ziko katika hali hiyohiyo. Juu ya mkanda wa kamera ilirekodiwa kazi nyingine, mpigavideo alihama mji, na diski iliyo kabatini ndiyo asili yenyewe.

Tena ni diski dhaifu. DVD iliyochomwa nyumbani huhifadhi picha kwenye rangi ya kemikali inayochakaa kwa joto na mwanga. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kazi nzuri hufanyika kabla ya kubana chochote: diski hunakiliwa nzima. Ikigoma, kuna programu ya ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu zilizo nzima, kisha hurudi kwenye mikwaruzo mara kwa mara, ikiambulia kidogo hapa, kidogo pale. Inaweza kuchukua usiku kucha kwa ajili ya sekunde chache. Pengine katika sekunde hizo babu anatoa mkono wa baraka.

Kazi ikiisha, fundi wa namna hii huitazama kwenye kioo kikubwa, akisimamisha pale penye ngoma, penye giza na penye shela. Kisha humkabidhi mama vitu vitatu: faili jepesi kwa ajili ya simu, nakala kamili isiyobanwa upya, na DVD yake mwenyewe, iliyofutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni.