Tangazo na Baraza: Lugha ya Serikali ya Kaunti katika Mitandao ya Kijamii, Bungoma

Utangulizi

Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi nchini Kenya mwaka 2013, habari nyingi za utawala ambazo zamani zilibandikwa ukutani katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, au zilisomwa na chifu mbele ya watu, zimehamia katika mitandao ya kijamii: Facebook, WhatsApp, na X, ambayo hadi mwaka 2023 iliitwa Twitter. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya vyombo hivi kwa upande wa siasa na wa ufundi. Upande wa lugha haujapewa uzito unaostahili. Makala haya yanalichukua tangazo la kiongozi kuwa ni matini kama matini nyingine, yenye maudhui na fani yake, na kwa hiyo yaweza kuhakikiwa. Dai linalotetewa ni kwamba chombo kimebadilika lakini fani ya tangazo haikubadilika. Na kwamba fani hiyo, iliyorithiwa kutoka utawala wa kikoloni, ndiyo inayomnyima mwananchi habari hata pale habari inapokuwa mbele ya macho yake. Mfano mkuu ni Kaunti ya Bungoma.

Lugha za Bungoma na sheria ya habari

Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019, Bungoma ina watu 1,670,570. Imegawanywa katika maeneo-bunge 9 na wadi 45. Wengi wa wakazi wake ni Wabukusu, lakini wamo pia Watachoni, Wasabaoti wa Mlima Elgon, Wateso, na watu wa makabila mengine waliohamia mijini. Kibukusu na Kitachoni ni lugha za Kibantu. Kisabaoti na Kiteso ni za jamii ya Kinailoti. Hapana lugha ya nyumbani inayoweza kuwafikia wote hao. Jambo hili si dogo katika kaunti ambayo sehemu yake moja, Mlima Elgon, ilipatwa na mapigano juu ya ardhi kati ya mwaka 2006 na 2008. Tangazo lililotolewa kwa lugha ya kundi moja tu laweza kusomwa na kundi jingine kuwa ni siri. Kwa sababu hiyo Kiswahili kina kazi ya lazima Bungoma, kama ilivyo kazi yake katika Kaunti jirani ya Trans Nzoia, ambako mashamba ya walowezi pande za Kitale yaligawiwa watu waliotoka sehemu nyingi.

Sheria inalikubali jambo hili. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaziagiza kaunti zitumie vyombo vinavyowafikia watu wengi zaidi, na katika orodha yake zimo redio za jamii, tovuti, mikutano ya hadhara na njia za jadi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inataka utoaji wa habari uzingatie gharama na lugha ya mahali.

Kasoro basi haimo katika sheria. Imo katika utendaji. Mpango wa maendeleo wa miaka mitano, makadirio ya matumizi ya kila mwaka, na mswada wa fedha unaopanga ushuru wa soko na ada za leseni, huandikwa kwa Kiingereza. Mama anayeuza vitunguu katika soko la Chwele hulipa ushuru kwa sheria ambayo hakuweza kuisoma ilipokuwa mswada, ingawa kikatiba maoni yake yalitakiwa. Kuutia mswada huo katika tovuti, au kuupeleka katika kundi la WhatsApp la wadi, hakuondoi kizuizi hicho. Kunakisogeza tu kutoka ukutani hadi kiganjani.

Fani ya tangazo

Inafaa kutenganisha maneno mawili. Baraza, katika miji ya pwani, ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, mahali pa kukaa na kuzungumza. Bara, chini ya utawala wa Kiingereza, neno hilohilo lilipewa maana ya mkutano ulioitishwa na chifu au bwana shauri ili watu wasikie amri. Sheria ya mwaka 1912 juu ya mamlaka ya wenyeji iliwapa machifu nguvu ya kutoa amri, na baraza likawa mahali pa kuzitolea. Hivyo neno la mazungumzo liligeuzwa kuwa neno la tangazo. Mabadiliko haya ya maana yanaeleza mengi juu ya lugha ya viongozi wa leo.

Tazama mifano miwili ifuatayo, ambayo imetungwa kwa ajili ya uchambuzi tu:

(a) Mheshimiwa Gavana, akiandamana na Mheshimiwa Naibu wa Gavana pamoja na waheshimiwa wawakilishi wa wadi, leo ameongoza hafla ya kufana ya uzinduzi wa utekelezaji wa mradi wa uimarishaji wa huduma za maji.

(b) Kuanzia Jumatatu maji yatauzwa katika vibanda vitatu vya sokoni. Mtungi wa lita 20 ni shilingi 3. Ukikuta kibanda kimefungwa, mwarifu karani wa wadi.

Sentensi ya (a) ina vyeo vitatu kabla ya kitenzi kikuu. Mtendaji wake ni kiongozi, na maji, ambayo ndiyo sababu ya habari, ni neno la mwisho kabisa. Vitenzi vimegeuzwa kuwa majina: uzinduzi, utekelezaji, uimarishaji. Kila kitenzi kinapogeuzwa hivyo hupoteza nafsi na wakati wake. Hatuambiwi ni nani atakayefanya, wala lini. Msomaji hawezi kutenda lolote baada ya kuisoma sentensi hiyo isipokuwa kupongeza. Katika (b) mambo ni kinyume. Maji ndiyo kiima, wakati umetajwa, bei imetajwa, na sentensi ya mwisho inamgeukia msomaji katika nafsi ya pili na kumwonyesha mlango wa kupelekea malalamiko. Urefu wa (a) na wa (b) unakaribiana. Tofauti yao ni kwamba (a) inaarifu juu ya kiongozi, na (b) inaarifu juu ya maji.

Itasemwa kwamba fani ya (a) ni adabu, na kwamba utamaduni wetu unataka mkubwa atajwe kwa heshima. Hoja hii haisimami ikipimwa kwa fasihi simulizi ya Bungoma yenyewe. Miongoni mwa Wabukusu iko hotuba ya hadhara iitwayo kumuse, inayotolewa baada ya maziko ya mzee mwenye hadhi. Fanani wake hutembea mbele ya watu waliokaa, akieleza asili ya koo, akionya na kusuluhisha. Heshima anayopewa ni kubwa sana. Lakini heshima hiyo huipata kwa ujuzi wa maneno yake, na huitoa hotuba hiyo mbele ya nyuso za hadhira inayozijua koo hizo na inayoweza kumpima. Tangazo la mtandaoni limechukua ukimya wa hadhira ya kumuse bila kuchukua wajibu wa fanani.

Mfano wa Lanet Umoja

Kwamba kiongozi wa mahali aweza kuandika vingine kulithibitishwa nje ya Bungoma, katika Kaunti ya Nakuru. Mwaka 2012 Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja, alijulikana duniani kwa kuwaarifu watu wake kwa Twitter. Lokesheni yake ilikadiriwa kuwa na watu 28,000, na wengi hawakuwa na simu za intaneti. Waliupata ujumbe wake kwa njia ya meseji katika simu ndogo, zile ziitwazo kabambe, kwa sababu Twitter wakati huo iliruhusu jambo hilo. Aliandika kwa Kiswahili na Kiingereza. Aliarifu juu ya kondoo aliyepotea, na kondoo akapatikana. Aliarifu usiku wa manane juu ya nyumba iliyovamiwa na wezi, na majirani wakatoka, na wezi wakakimbia.

Wengi waliusifu ufundi wa jambo hili. Mhakiki wa lugha hana budi kutazama fani. Chombo kiliruhusu herufi 140 tu, na ufinyu huo ulivilazimisha vyeo viondoke. Kilichobaki ni kitu, mahali, wakati na tendo linalotakiwa. Tena kila ujumbe ulimdhania msomaji kuwa ni mtu anayeweza kufanya jambo: kutafuta, kutoka nje, kupiga kelele. Kwa maneno mengine, chifu huyo alilirudisha baraza katika maana yake ya kwanza. Yeye alifariki mwaka 2015, na mwaka 2020 Twitter ilisimamisha huduma ya meseji katika nchi nyingi. Somo lake la lugha halikutegemea huduma hiyo, na lingali linafaa.

Wananchi kama wasomaji

Bungoma yenyewe ilipata sifa mitandaoni kwa njia nyingine. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba kaunti ilinunua toroli 10 za kusukumwa kwa mkono, wilbaro kama wengi wanavyoziita, kwa shilingi 109,320 kila moja. Utetezi ulitolewa kwamba zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, na zilielezwa kwa neno la kitaalamu la Kiingereza lenye maana ya kitu kisichosababisha saratani. Neno hilo halikumtuliza mtu. Nchi nzima ilicheka, picha na vibonzo vikaenea, na hata leo jina la Bungoma likitajwa kwa mzaha toroli hufuata.

Tukio hili limezoeleka kuelezwa kuwa ni habari ya fedha. Ni habari ya lugha pia. Katika maelfu ya kurasa za hesabu za kaunti zilizoandikwa kwa Kiingereza, mstari mmoja ulieleweka na kila mtu, kwa kuwa ulikuwa na kitu ambacho kila mtu amekishika na bei ambayo kila mtu aweza kuilinganisha na ya dukani. Siku hiyo mwananchi alisoma bajeti. Swali linalobaki ni mistari mingapi isiyo na toroli ndani yake imepita bila kusomwa, kwa sababu imeandikwa kwa istilahi zisizofanana na kitu chochote cha nyumbani.

Jibu la swali hilo lilijitokeza kitaifa mwezi Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa wa Kiingereza cha kisheria. Vijana waliuchukua, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha mbalimbali za nyumbani katika video fupi za TikTok na mitandao mingine, wakitaja bei ya mkate na ya mafuta ya kupikia. Maandamano yalifuata katika miji mingi, watu wakauawa, na tarehe 26 Juni Rais alikataa kuutia mswada huo sahihi. Kazi ya kufasiri, ambayo ni wajibu wa dola, ilifanywa na raia wasiolipwa. Laiti ingefanywa mapema na wenye jukumu, mjadala ungeanzia katika kumbi za kutolea maoni kabla ya kufika barabarani. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Pale serikali inaponyamaza kwa lugha ya watu, uvumi husema kwa lugha hiyo.

Hoja ya istilahi

Wako wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya sheria na fedha. Historia ya karibuni inawapinga. Neno ugatuzi, ambalo kabla ya Katiba ya 2010 lilijulikana na wachache, leo husikika sokoni na kanisani. Kaunti, wadi, gavana, bunge la kaunti, mgao wa mapato: yote yameenea kwa redio na magazeti katika muda wa miaka michache. Nchini Tanzania siasa ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 ilielezwa vijijini kwa Kiswahili bila kungoja kamusi. Istilahi hukua kwa kutumiwa. Lugha inayonyimwa kazi ndiyo hukosa maneno, kisha hulaumiwa kwa kuyakosa.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba tangazo la kiongozi katika mitandao ya kijamii hupimwa kwa maswali mawili: je, msomaji aweza kutenda nini baada ya kulisoma, na aweza kumjibu nani? Kwa kipimo hicho matangazo mengi yanaanguka, hata yakiwa na picha nzuri na wafuasi wengi. Dawa yake haihitaji mitambo mipya. Kila mswada wa fedha wa kaunti uambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja ushuru wa zamani, ushuru unaopendekezwa, na siku ya kutoa maoni. Ukurasa huo usomwe kwa sauti kwa Kibukusu, Kitachoni, Kisabaoti na Kiteso, uchezwe redioni na kupelekwa katika makundi ya WhatsApp, ili wasiojua kusoma nao wasiachwe. Kila tangazo litaje ofisi ya kujibu, na ofisi hiyo ijibu.

Sehemu ya lawama haiwezi kuepukwa na idara za Kiswahili. Zimefundisha tafsiri kwa miaka mingi kwa kutumia tamthilia na riwaya, na miswada ya kaunti haikuingia darasani. Mwanafunzi atakayefasiri sura moja ya sheria ya ushuru wa soko kwa Kiswahili kinachoeleweka Chwele atakuwa amefanya mtihani mgumu kuliko mingi anayopewa sasa, na kazi yake itapata wasomaji siku hiyohiyo.